Kibatari cha Stoo ya Vitabu

6 Februari

Mdogo wangu,

Salamu hizi najua zitakukuta mbele ya cherehani, maana sijawahi kusikia kwamba unakaa mahali pengine. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la wifi yako ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Kutwa anasimama kwenye duka lake la dawa. Nikimwambia akae, anasema wagonjwa hawamwamini mtu aliyekaa. Mimi tumbo limezidi na nywele zimepungua, kwa hiyo mizani iko palepale. Mama je? Ule mguu uliovimba umeshuka? Mwambie Mwandishi wake anamwamkia, shikamoo yake nimeikunja humu ndani ya bahasha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kitabu cha kumi na mbili cha Ngoja-Kwanza kimebakiza sura mbili, nacho ndicho cha mwisho. Miaka thelathini inatosha. Yule mtoto ana miaka kumi na mmoja tangu nilipoanza, anayezeeka ni mimi peke yangu. Mhariri wangu alilia kidogo, kisha akafuta machozi na kuanza kupiga hesabu za majalada mapya. Anataka vitabu vyote vichapwe upya, na kwenye jalada la nyuma la hiki cha mwisho iwekwe picha yako. Ndiyo, wewe. Umekaa na cherehani yako, utepe wa kupimia shingoni, na chini yake maneno haya: "Ngoja-Kwanza wa kweli."

Unajua kila shule ninayokwenda swali la kwanza ni hilohilo, kama yupo kweli. Ninawaambia yupo, ni mdogo wangu wa kuzaliwa, amekua na anashona sare za shule. Wanauliza kama bado anasema "ngoja kwanza". Nawajibu, kawaulizeni wateja wanaosubiri sare zao. Hapo darasa zima hoi.

Tafuta mpiga picha mzuri, uvae lile gauni la kijani. Picha inatakiwa kabla ya mwisho wa Juni, kwa sababu kitabu kikishaingia mtamboni hakitoki tena. Na usiniangushe, nimeshawaahidi.

Kaka yako.


27 Februari

Kaka,

Barua yako nimeipata na shikamoo nimeifikisha. Mama amesema marahaba, akauliza kama umenenepa, nikamwambia mizani iko palepale. Mguu umeshuka. Kinachosumbua sasa ni pumzi. Akitoka kitandani hadi mlangoni anasimama mara mbili na kushika ukuta, halafu anajifanya anatazama rangi. Daktari anasema moyo umechoka. Mpwa wako mzima, kazi ya umeme imempenda, ingawa juzi amejipiga shoti kwa kiherehere. Mimi nina sketi sitini na nane za bluu zinazosubiri pindo, na mashati ambayo kola zake zilikatwa na mtu aliyekuwa anawaza mengine. Mtu huyo ni mimi, na nilikuwa nawaza hili ninalotaka kukuandikia.

Wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniita. Nikabeba utepe na daftari la vipimo nikijua ni sare. Kumbe ni siku yao ya kusoma, na mgeni ni mimi. Walinikalisha mbele ya shule nzima. Binti mmoja akasoma kitabu chako cha kwanza, pale Ngoja-Kwanza anapoambiwa azime kibatari stoo, anajibu "ngoja kwanza", na stoo inateketea na vitabu vyake. Alisoma vizuri sana. Alipomaliza, mwalimu mkuu alichukua kiberiti kilichokuwa mezani, akakitia mfukoni, akasema, "Jamani, mgeni wetu ndiye huyu, tufiche kiberiti." Watoto walicheka na walimu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua nimejing'ata shavu kwa ndani hadi damu.

Nilimsimulia mama, akacheka mpaka pumzi ikamkata, ikabidi nimshike mgongo. Kila mgeni anayeingia humu anaonyeshwa vitabu vyako, kisha mama ananionyesha mimi kwa kidole na kusema, "Na huyu ndiye aliyechoma."

Kaka, mimi na wewe tunajua aliyeacha kibatari kile. Wewe ndiye uliyefungua waya wa mlango wa stoo ili usome vitabu vilivyofungiwa, na kile kibatari kilitoka jikoni kwetu, kilikuwa na kibonyeo ubavuni. Mimi nilitumwa kukuita. Mlinzi alikohoa, ukatoka mbio, ukanipita pale njiani bila kugeuka. Nikaona moshi, nikaingia. Nilitoa vitabu mikono miwili imejaa, nikarudi, nikatoa vingine, mara ya tatu nikatoka na kibatari chenyewe ili kisiendelee kumwaga mafuta. Hapo ndipo mwalimu mkuu wa wakati ule aliponikuta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe kumi na mitatu.

Sitaki ukatangaze redioni na wala sikuombi ufute vitabu. Nataka jambo moja tu. Mwambie mama, kwa maneno yako mwenyewe na kabla moyo wake haujasimama, kwamba si mimi. Siku utakayomwambia nitavaa gauni la kijani na kutabasamu kadiri mnavyotaka. Kabla ya siku hiyo, picha hakuna.

Nakuandikia kwa sababu simu umezidi kuijua. Kila nikifika hapo mtandao unakuwa mbaya. Barua haina mtandao.

Mdogo wako.


30 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Usione kimya. Mvua za huku zimekata barabara mara mbili na posta wakapata sababu ya kulala. Wifi yako anakusalimu sana. Amenipa dawa za mama za miezi miwili, zimo kwenye kifurushi, ameandika kwa mkono wake ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, na amesema chumvi apunguziwe hata akinuna. Mpwa wangu mwambie umeme hauna undugu. Na hizo kola usizitupe, kata nyembamba zaidi, nimeona watoto wa huku wanavaa kola ndogo siku hizi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Huyo mwalimu mkuu ni mtu wa mzaha tu, hakukusudia baya. Ujue watu wanamcheka mtu wanayempenda. Ngoja-Kwanza anapendwa kuliko mimi, nikienda mahali wananisukuma pembeni kumuulizia yeye.

Kuhusu lile jingine, tulikuwa watoto, mdogo wangu. Miaka arobaini na saba. Na mama moyo wake ndio huo unaoniambia umechoka. Mtu mwenye moyo kama huo unamwendea na jambo la kumshtua? Nimewaza sana, na nimepata njia ambayo naamini itakuridhisha. Katika sura ya mwisho nimeandika kwamba Ngoja-Kwanza, sasa mkubwa, anagundua kuwa siku ile stoo hakuwasha moto yeye. Anasafishwa kabisa mbele ya shule nzima, na mwalimu mkuu anamwomba radhi. Nimekuwekea rasimu humu, kurasa tisa. Msomee mama. Atacheka na atajua.

Na picha usiisahau.

Kaka yako anayekupenda.


9 Aprili

Kaka,

Dawa zimefika, mwambie wifi Mungu amlipe. Mama ananuna kwa ajili ya chumvi. Kola nimezikata nyembamba, zimekaa vizuri, asante.

Rasimu nimeisoma. Kosa umempa paka.

Kurasa tisa nzima nilizigeuza moja baada ya nyingine nikitafuta mvulana wa miaka kumi na mitatu, nikakutana na paka wa mlinzi anaruka kutoka dirishani na kukigonga kibatari kwa mkia. Stoo ile haikuwa na dirisha, ndiyo maana ulihitaji kibatari saa kumi jioni. Na huyo paka amekuja na nani, kaka? Nani alimwashia?

Sikumsomea mama. Angecheka kweli, na asingejua chochote. Nakurudishia kurasa zako ndani ya bahasha hii, nimezikunja vizuri.

Mdogo wako.


5 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mama anaendelea vizuri na wewe pia. Hapa tu wazima. Goti la wifi yako limepata nafuu.

Nitasema wazi kwa kuwa umenibana hadi ukutani. Umewahi kujiuliza unaniomba nini? Mwandishi wa vitabu vya watoto anaishi kwa kuaminiwa. Wazazi wananikabidhi watoto wao kabla hawajalala, miaka thelathini, bila kusoma kwanza nilichoandika. Nikimwambia mama, atamwambia jirani, jirani atamwambia mwalimu mkuu wako mwenye kiberiti, na wiki ya pili nitaulizwa jukwaani mbele ya watoto mia nne kwa nini nilimsingizia mdogo wangu nikala na kunywa kwa jina lake. Nitawajibu nini?

Na mama. Wewe uko naye kila siku, hujui anavyonitazama nikija. Mimi ndiye kitu pekee alichowahi kujivunia. Unataka afe akijua alijivunia nini?

Halafu kuna jambo sikuwahi kukuuliza, na leo nauliza. Kwani nilikuomba unyamaze? Ulikuwa na mdomo. Mwalimu mkuu alikuuliza mbele ya watu wote, nami nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Ngoja kwanza, mwalimu," halafu ukafunga mdomo. Watoto wakacheka na jina likakuganda. Sikukupa mimi jina hilo. Nimelichukua lilipokuwa, nikalifanya liwe jina linalopendwa kila nyumba yenye mtoto anayejua kusoma. Wengine wangeshukuru.

Mhariri ananiuliza picha kila siku ya Mungu. Juni thelathini ndiyo mwisho.

Kaka yako.


19 Mei

Kaka,

Salamu za wote. Mama alikula vizuri wiki hii, ila miguu imevimba tena, yote miwili. Daktari amebadilisha dawa moja. Alipomaliza kumsikiliza kifua aliniita nje. Nadhani unajua watu huitwa nje kwa ajili gani.

Barua yako nilikaa nayo siku nne bila kugusa cherehani. Nilitaka kukujibu kwa matusi, nikaona nikufundishe kwanza kilichotokea, maana naona umekitunga mara nyingi mpaka umesahau.

Mwalimu mkuu aliponiuliza, nilisema "ngoja kwanza" kwa sababu nilikuwa napumua moshi na nilitaka kupata pumzi nimweleze. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilipoinua uso nikakuona nyuma ya wenzako. Ulikuwa umesimama na mikono nyuma, huna hata rangi. Mtihani wako wa kuingia sekondari ulikuwa umebakiza siku tisa. Nikafikiri, akiulizwa na baba nyumbani atasema mwenyewe, ni kaka yangu, hawezi kuniacha. Nikafunga mdomo ili nikupe nafasi ya kusema wewe. Hiyo ndiyo "ngoja kwanza" yangu, kaka. Nilikuwa nakungoja wewe.

Jioni ile baba alinichapa, wewe ukiwa chumba cha pili. Nikangoja. Siku ya tatu barua ya kunifukuza shule ikaja, nikangoja. Ukafanya mtihani, ukafaulu, nyumba ikajaa watu, nikagawa vikombe vya chai nikiendelea kungoja. Kisha nikapelekwa kwa shangazi kujifunza cherehani. Insha yangu ya mwisho ilikuwa imesomwa darasani kwenu, unakumbuka? Mwalimu wa lugha aliwaambia nyinyi wakubwa muone aibu. Tangu siku ile sijaandika kitu kirefu kuliko barua.

Hayo yote nimeyameza, na kazi yangu naipenda, usinionee huruma. Kisichomezeka ni mama. Baada ya moto mama hakusema nami mwezi mzima. Alikuwa ananiwekea chakula na kugeuka. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, kaka, nilikuwa nazungumza na ukuta. Na siku niliponunua cherehani yangu ya kwanza alikuja, akaishika, akasema, "Mikono iliyochoma sasa inashona, Mungu amekusamehe." Nami nilijibu asante mama. Nimeishi na msamaha wa kosa lisilo langu, na namwogesha kila asubuhi mwaka wa kumi na nne sasa. Sitaki azikwe akiwa amenisamehe. Nataka ajue hakukuwa na cha kunisamehe.

Unauliza utawajibu nini watoto mia nne. Sijui. Watunzi ni nyinyi.

Mdogo wako.


11 Juni

Kaka,

Haraka haraka. Mama alianguka bafuni Jumanne. Hakuvunjika, lakini hospitali walimlaza siku nne na amerudi amepungua, nguo zake zote nimezipunguza kiunoni. Akili yake iko wazi kabisa, anawajua watu wote na anawasema wote. Daktari hakuniita nje safari hii, alisema palepale kwamba tusipange mambo ya mbali.

Barua yangu ya mwezi uliopita hukuijibu. Hii pia ukikaa nayo, sitakuandikia tena, na mama akiondoka utasikia kutoka kwa mpwa wako.

Mdogo wako.


24 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu za kuchekesha leo. Wifi yako anakusalimu. Amejua. Nilimweleza Jumapili, akakaa kitako kwa mara ya kwanza tangu nimuoe, akaniuliza ni kwa nini nilimwacha acheke miaka yote hii.

Ile barua yako ya Mei ndiyo iliyonimaliza, pale uliposema ulikuwa unanipa nafasi. Kaka mkubwa mzima sikuwahi kuliwaza. Nilijiambia kwamba uliogopa, na kwamba woga wako si kosa langu. Nilihitaji uwe umeogopa. Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilikufanya mtoto mzembe wa kuchekesha, kwa sababu mtoto mzembe hamdai mtu kitu. Naona haya, mdogo wangu. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Nimemwambia mhariri pia. Aliuliza tu, "Na kitabu?" Nikamwambia paka atoke, picha isiwepo, na yale maneno "Ngoja-Kwanza wa kweli" yafutwe. Kuhusu mengine sijui atakavyoamua. Akitaka kuacha kukichapa, aache.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mama. Nimeiandika mara kumi na moja. Kazi yangu ni sentensi fupi na bado zilinishinda. Nilitaka kuja mwenyewe, nikapanga na kupangua, na ukweli ni kwamba siwezi kusimama mbele yake. Wewe unamsomea magazeti na Biblia na dawa, msomee na hii. Najua ni kukutwisha tena mzigo uleule. Nisamehe na hilo.

Kaka yako.

*

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanao. Nakwambia jambo ambalo nilipaswa kukwambia nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Stoo ya vitabu niliichoma mimi. Nilichukua kibatari chako cha jikoni, nikafungua mlango, nikakaa kusoma. Nilipomsikia mlinzi nilikimbia. Nilikigonga kibatari nikitoka. Mdogo wangu aliingia kuokoa vitabu. Yeye hakuchoma kitu.

Alipigwa kwa ajili yangu. Alifukuzwa shule kwa ajili yangu. Mimi nilijua na nilinyamaza, kisha nikaandika vitabu nikamcheka.

Mama, si yeye. Ni mimi. Naomba radhi kwako na kwake.

Mwanao.


3 Julai

Kaka,

Nilipokea bahasha yako jana saa nne asubuhi. Nilifunga duka, na wateja wawili nikawarudisha. Nilimkalisha mama kwenye kiti chake karibu na mlango ambako kuna mwanga, nikampa chai, nikamwambia Mwandishi wako amekuletea barua yako peke yako. Akafurahi. Akajiwekea sawa kitambaa kichwani kana kwamba umeingia.

Nilisoma yote bila kuruka neno. Pale uliposema "yeye hakuchoma kitu" niliirudia sentensi hiyo ili isipotee. Nilipomaliza sikumtazama. Nilikuwa nakunja karatasi, nikingoja alie au anishike au aseme jina langu.

Alikunywa chai yake. Kisha akasema, "Amechelewa sana, masikini."

Nikamwuliza, "Mama, umesikia alichoandika?"

Akasema, "Nimesikia. Nilijua siku ileile."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwuliza alijuaje. Akaniambia, taratibu, huku akisimama kuvuta pumzi, "Shati lake nani alilifua? Lilijaa mafuta ya taa tangu kiwiko hadi kwenye pindo. Nililifua mara tatu, harufu ikakataa. Nikalitia motoni jikoni kabla baba yenu hajarudi."

Nikamwambia, "Lakini baba alinichapa mimi. Nawe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na shule?"

Akasema, "Wangejua ni yeye, wangemtoa kwenye mtihani. Yeye alikuwa amebakiza siku tisa, wewe ulikuwa umebakiza miaka miwili. Nilisema wewe nitakurudisha. Halafu baba yenu akakataa, na mimi sikuwa na la kumwambia bila kumwambia lile."

Nilikaa chini sakafuni, kaka. Nikamwuliza kitu kimoja kilichobaki. "Mbona basi ulininunia mwezi mzima? Kama ulijua si mimi, mbona hukusema nami?"

Mama alitazama mlangoni. Akasema, "Sikukununia. Nilikuwa siwezi kukutazama."

Baada ya hapo akaomba nimfunge kitambaa upya, kimelegea, na akaniuliza kama chumvi bado imekatazwa.

Sijalala vizuri, lakini si hilo. Ninachotaka kukwambia ni kwamba wewe nimekusamehe jana hiyohiyo, bila hata kufikiri, nikashangaa ilivyokuwa rahisi. Ulikuwa mtoto, uliogopa, na umesema. Kitabu chako chapisheni mtakavyo, picha nitakutumia kama bado mnaitaka. Miaka yote nilikuwa na hasira na najua pa kuiweka, niliiweka kwako. Sasa umeniondolea mahali pa kuiweka, na kila mgeni aliyeonyeshwa mimi kwa kidole humu ndani namkumbuka kwa uso wake.

Njoo na wifi, kaka. Usinitumie barua nyingine, njoo. Basi la asubuhi linafika hapa saa nane mchana. Leo nimemwomba jirani aje amwogeshe mama, nimesingizia sindano imenichoma kidole. Mama ananiita kutoka chumbani tangu nianze kuandika, anataka ageuzwe. Miaka kumi na minne nimemgeuza, nimemnyanyua, nimemkata kucha, nimemfunga nywele, na tangu jana siwezi kumshika.

Mdogo wako.